Uzoefu wangu na Samba studio: kila kitu poa, kasoro majina ya mafaili

Nina kama mwaka sasa natumia Samba (programu ya kushea mafaili kati ya kompyuta kwenye mtandao) studio kwetu, tunashuti maharusi na send-off, tuna Mac mbili za kuediti na PC moja ya Windows ya kupangia albamu, seva ni desktop ya zamani tu nimeipiga Ubuntu, aina ya Linux. Ni ya bure, spidi nzuri, na haijawahi kunizimikia katikati ya kazi. Kwa hilo naipenda sana.

Shida ilianza siku nilipohamisha kazi za zamani kutoka Mac kwenda kwenye seva kwa rsync (programu ya kukopi mafaili), nikaacha usiku kucha ijikopi yenyewe. Asubuhi dada wa albamu ananiita, kaka mbona folda ya bibi harusi siioni, naangalia kwenye PC yake nakuta vitu kama HX4K2P~9, folda kibao hivyo hivyo. Nilishtuka jamani, nikajua kazi ya watu imeharibika.

Kumbe hakuna kilichopotea. Edita wetu ana tabia ya kuandika "Harusi 12/08/2023", na Mac inakubali ule mkwaju (/) ila chini kwa chini inauhifadhi kama nukta pacha (:), sasa rsync ikaibeba nukta pacha vilevile mpaka Ubuntu ambayo haina neno, halafu Windows haitaki kabisa : wala ? wala * wala " kwenye jina, basi Samba inaitungia jina fupi ili angalau faili lifunguke. Na sauti za mixer tulikuwa tunaweka kwenye folda inaitwa AUX, nayo ikageuzwa jina, kwa sababu AUX, CON, NUL na PRN Windows imejiwekea yenyewe tangu enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows!

Nikaongeza kwenye smb.conf (faili la mipangilio ya Samba) "vfs objects = catia fruit streams_xattr" na "fruit:encoding = native", ili Samba izibadilishe zile alama yenyewe, nikarestati. Mac zikaonyesha mkwaju kama zamani, Windows inaweka kiboksi mahali pake ila folda inafunguka. AUX ilibidi niibadilishe kwa mkono ikawa Sauti_Mixer.

Naipa nyota 4. Ile moja nimeibana kwa sababu haikunipa onyo lolote, na mtu asiyejua angeweza kufuta zile folda akidhani ni takataka, na harusi ya mtu huwezi kwenda kuishuti tena. Sasa hivi tunaandika 2023-08-12_Harusi, na zinajipanga kwa tarehe zenyewe.