Eti "mtoto wako ana aleji na usafi": huduma ya kuosha godoro niliyoijutia

Jina la hawa watu silitaji, ila ni wale wanaokuja nyumbani na mashine zao kuosha masofa, makapeti na magodoro hapa Dar. Nimekaa siku kadhaa bila kuandika maana nilijua ntatukana, sasa hasira zenyewe haziishi kwaiyo bora niandike tu.

Mwanangu ana miaka sita. Kila asubuhi akiamka ni chafya, kumi, kumi na tano mfululizo, macho mekundu, pua anaifikicha mpaka imepata mstari kwa juu, na usiku kifua kinalia kama filimbi. Mchana akiwa shule hana shida. Daktari akaniuliza godoro lina miaka mingapi, kuhesabu nikakuta limemzidi mtoto umri. Akanieleza kuna wadudu wa vumbi wanaishi kwenye magodoro na mito, wadogo mno macho hayawaoni, chakula chao vile vigamba vya ngozi vinavyotubanduka tukilala. Hawaumi, si kunguni. Kinachomsumbua mtoto ni kinyesi chao na mabaki yao wakifa, anavivuta kila akijigeuza. Alafu akasisitiza unyevu. Hawa hawanywi maji, wanafyonza unyevu wa hewani, ndo maana pwani huku wanastawi.

Basi nikawaita hao jamaa. Wakaja wawili, kaka mkubwa ndo msemaji na kijana mdogo wa kubeba ndoo. Wakaanza na sofa, na hapa niseme haki, sofa lilitakata, doa la mchuzi lililokaa tangu Idi likatoka lote, moyoni nikawa nishawapa nyota tano. Tukaja kwenye godoro. Nikamuuliza kaka maji yenu ya moto? Maana daktari kasema hata shuka zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 ndo hao wadudu wanakufa. Akasema dawa yao inamaliza kila kitu. Akamwaga povu, akasugua, akavuta kidogo na mashine, akanionyesha maji ya kahawia kwenye ndoo, "mama unawaona hao?" Nikachungulia, vumbi na nyuzi nyuzi. Nikamwambia, "mdogo wangu, hao hawaonekani kwa macho." Akanyamaza akaanza kukunja waya.

Nikabonyeza godoro kwa dole gumba, maji yakapanda yakajaa kwenye shimo la kidole. Mbona limelowa hivi? "Weka feni mama, jioni limekauka." Jamani, ilikuwa masika! Siku tatu mvua haikatiki, feni inazunguka usiku na mchana mpaka luku ikaisha, mtoto analala kwenye mkeka, na huko kwenye mkeka chafya zilipungua, ningeelewa hapo hapo. Siku ya nne juu pamekauka, nikatandika, nikamlaza. Saa nane usiku namsikia anavuta pumzi kwa mabega. Bodaboda, hospitali, akavalishwa kile kibarakoa cha mvuke wa dawa. Asubuhi nageuza godoro, upande wa chini bado wa baridi na vidoa vyeusi vya ukungu vimefuata mistari ya chaga.

Nikampigia simu yule kaka. Sikutukana wallahi, nilimweleza taratibu, akanisikiliza mpaka mwisho alafu akacheka, "sasa mama, basi mtoto wako ana aleji na usafi." Na nyuma nasikia wengine wanacheka. Nikakata. Yaani mtoto nimemshika mgongo usiku kucha nahesabu pumzi zake, mtu kachukua elfu arobaini yangu ananicheka! Godoro ningesamehe, kila mtu anakosea kazini. Hilo neno silisamehe, kila nikifua shuka linanirudia.

Nilitaka niwape nyota mbili kwa ajili ya sofa, ila nikiandika hivi naona hata moja nyingi. Unamwaga maji kwenye godoro nene na njia ya kulikausha huna, wadudu hujawapunguza, umewaletea unyevu wanaoutaka. Na hata hiyo dawa ingeua, mizoga na kinyesi si vimebaki mle mle ndani?

Sasa sikulitegemea hili. Jumapili yule kijana mdogo kaja mwenyewe, hajatumwa, "shikamoo mama, nimesikia mtoto aliumwa." Akalibeba lile godoro kichwani mpaka jalalani, hela ya soda akakataa. Nimenunua jipya, nimelivalisha kava la zipu linalofunika pande zote, shuka na foronya kila wiki maji ya moto, midoli ya manyoya nimeitoa kitandani. Chafya bado zipo, mbili tatu, ila usiku analala.

Kaka mpaka leo hajapiga simu wala hela hajarudisha. Namba ya kijana nimeihifadhi, siku akianza kazi yake mwenyewe aje anioshee sofa. Godoro hapana.