Copernicus Browser kwa msitu ulioangushwa na kimbunga: kazi yote iko kwenye tarehe

Kimbunga Helene kilipofika milima ya magharibi mwa North Carolina, Marekani, tarehe 27 Septemba 2024, udongo ulikuwa umeshashiba mvua iliyotangulia. Mizizi haikuwa na pa kushika. Miti iling'oka na bonge zima la udongo, na njia za msituni zikazibwa na magogo. Msitu wa namna hiyo huwezi kuuzunguka kwa miguu, na hapo ndipo Copernicus Browser, huduma ya bure ya Umoja wa Ulaya ya kutazama picha za setilaiti mtandaoni, inapokuwa na thamani kubwa.

Kutazama picha hakuhitaji akaunti. Kupakua kunahitaji, nayo haina malipo. Chagua Sentinel-2 L2A (picha za setilaiti za Sentinel-2 zilizokwisha kusahihishwa athari za angahewa), weka mawingu yasizidi asilimia 20, kisha tafuta tarehe mbili. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanachukua picha ya mwanzo wa Septemba na ya mwisho wa Oktoba, ramani ya tofauti inawaka nyekundu mlima mzima, wanaandika kwamba msitu umekwisha. Kumbe milima ile hupukutisha majani kila Oktoba, kimbunga kiwepo kisiwepo. Linganisha Julai 2024 na Julai 2025. Picha ya siku chache baada ya dhoruba itakupa jibu la haraka, lakini mti ulioanguka hubaki na majani mabichi kwa siku kadhaa na setilaiti inaweza kuuona kama mzima.

Kosa la pili ni kutegemea NDVI, yaani kielezo cha ukijani wa mimea, peke yake. Chini ya miti mikubwa ya huko kuna vichaka vizito vya rododendroni, visivyopukutika hata majira ya baridi. Miti ya juu ikianguka, kijani cha vichaka hivyo kinabaki wazi mbele ya setilaiti, machipukizi nayo yanaongezeka, na NDVI inapanda kana kwamba hakuna kilichotokea. Ongeza kielezo cha unyevu, unachoweza kukitunga humohumo: (B8A − B11) / (B8A + B11). B8A na B11 ni bendi, yaani aina mbili za mwanga wa infraredi ambazo setilaiti hupima. Bendi hizo zina pikseli ya mita 20, ilhali NDVI ni ya mita 10, kwa hiyo doa la robo hekta lenye pikseli 25 kwenye NDVI linabaki na 6 tu. Miti iliyovunjika kilele mmoja mmoja haionekani kwa kielezo chochote kati ya hivyo viwili, usidai umeihesabu.

Sehemu ya kulinganisha ndiyo nzuri kuliko zote. Vuta mstari unaotenganisha picha mbili polepole juu ya kigongo kimoja cha mlima. Upande wa kabla, kijani kimejaa bila tundu. Upande wa baada kuna viraka vya kahawia yenye ukijivu, kingo zake zimechanika kama kitambaa kilichonaswa na miiba. Ukiona mchirizi mwembamba ulioshuka na mteremko hadi mtoni, huo si upepo bali ni maporomoko ya udongo. Yachore kando.

Moto nao unahitaji kutengwa. Machi 2025 misitu ya kaunti ya Polk iliungua, na miti iliyoangushwa na Helene ikawa kuni. Bila kufungua picha za Februari na Aprili 2025, utaandika makovu ya moto kwenye hesabu ya upepo.

Upungufu unaoniudhi ni vivuli. Setilaiti hupita kama saa nne na nusu asubuhi, jua likiwa kusini-mashariki, na kuanzia Oktoba miteremko mikali ya kaskazini-magharibi inazama gizani. Namba za hapo usiziamini, subiri kiangazi.

Usitarajie ramani ya uharibifu iliyo tayari. Pakua GeoTIFF (faili la picha lenye thamani na mahali pa kila pikseli) ya biti 32, kwa sababu JPG hubeba rangi tu bila thamani za kielezo, kisha toa thamani za tarehe moja kwenye za nyingine ndani ya QGIS, programu ya ramani. Kabla ya kuamua tofauti gani uiite uharibifu, pima kwanza viraka ambavyo watu wa msituni wameshavifikia kwa mguu.