Oxford Advanced Learner's Dictionary: "team has" au "team have"?

Anayeandika Kiswahili hasiti mbele ya "timu imeshinda" au "kamati imeamua". Nomino inataka i-, basi. Kwa Kiingereza zote mbili zipo, "the team has won" na "the team have won", na vitabu vingi vya sarufi humaliza jambo kwa kanuni moja ya jumla. Lakini nomino za makundi hazifanani tabia. Zinahitaji hukumu ya neno moja moja, na kwa kazi hiyo kamusi hii ndiyo tunayoipendekeza kwanza.

Ilianzia Japani, ambako mwalimu Mwingereza A. S. Hornby na wenzake waliiandaa kwa ajili ya watu wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni. Oxford waliichapa mwaka 1948, na toleo la 10 lilitoka 2020. Asili hiyo inaonekana kila ukurasa: haikuelezi maana tu, inakuonyesha neno linavyokaa katika sentensi.

Fungua "government". Maana ya kwanza, yaani watu wanaoongoza nchi, ina alama "C + sing./pl. v." ndani ya mabano ya mraba: nomino inahesabika, na kitenzi cha umoja au cha wingi chote kinakubalika. Teremka hadi maana ya mfumo wa utawala, utakuta "U", isiyohesabika. Hapo ni umoja tu. Kosa la kawaida ni kusoma alama ya juu kisha kuivisha maana zote. "Family" ya baba, mama na watoto inakubali "is" na "are", ila "family" ya mimea au wanyama kisayansi ni "C" tupu.

"Police" na "cattle" zina "pl." peke yake. Andika "the police are", kamwe si "is". Kiswahili hututega hapa, maana kwetu polisi ni mtu mmoja pia: "polisi amefika". Kutoka hapo huzaliwa "a police has come", ambayo ni kosa mara mbili. Mtu mmoja ni "a police officer".

Maelezo bora kuliko yote yako chini ya "staff". Kwa Uingereza, neno hili likiwa kiima hufuatwa na kitenzi cha wingi: "the staff are helpful". Kwa Marekani ni "the staff is helpful". "Staffs" ipo, ila ni ya makundi zaidi ya moja, mathalani wafanyakazi wa maseneta mbalimbali, kila seneta na kundi lake. Kwa hiyo tangazo la ofisini linaloanza na "All staffs", ambalo Afrika Mashariki limezoeleka mno, linapaswa kuwa "All staff" au "All members of staff". Maelezo hayo ya mistari michache yanatosha kusafisha nusu ya mbao za matangazo.

Upungufu wake? Alama inakuruhusu, haikuchagulii. Ukiona "sing./pl.", jiulize kundi linatenda kama kitu kimoja au kama watu mbalimbali. "The committee has five members" inataka umoja, kwa sababu idadi ni ya kamati yenyewe. "The committee are arguing" inaeleweka vizuri Uingereza, kwa sababu wanaobishana ni wajumbe. Ukiandikia Wamarekani, shika umoja, isipokuwa kwa majina ya timu yenye umbo la wingi, kama Lakers ya mpira wa kikapu: "the Lakers are". Majina ya klabu usiyatafute kwenye kamusi. Watangazaji wa Uingereza husema "Arsenal are", na hiyo ndiyo desturi yao ya michezo.

Alama pia haigusi viwakilishi, na humo ndimo insha nyingi huharibikia. Kitenzi kikiwa cha umoja, endelea na "its" na "which". Kikiwa cha wingi, "their" na "who". "The team has won their match" huanza njia moja ikamalizia nyingine.

Mtandaoni inasomwa bure, na alama zimeandikwa kwa urefu, "countable + singular or plural verb", hivyo anayeanza hahitaji kukariri vifupisho. Nakala ya karatasi inafaa darasani pasipo intaneti. Ukipata toleo la zamani kwa bei nafuu, lichukue bila wasiwasi: "police" ilikuwa ya wingi hata wakati huo.