Nimeipima Kamusi ya Oxford ya mtandaoni kwa kitenzi "run"

Kazi yangu ni kutafsiri, na hakuna kitenzi kinachonichelewesha kama run. Mtu anakimbia: run. Makamasi yanatiririka: run. Mwanasiasa anagombea urais, meneja anaendesha kampuni, mtu anafungulia maji ya kuoga, bado ni run. Kamusi ndogo hukupa maana chache za kawaida, basi. Ndiyo maana naipenda Oxford English Dictionary ya mtandaoni.

Kidahizo hiki, yaani neno run na maelezo yake katika kamusi, kilipochapishwa upya mwaka 2011, kitenzi peke yake kilifikisha maana 645. Mhariri Peter Gilliver alikifanyia kazi kwa takriban miezi tisa. Katika toleo la pili la 1989, lile la majuzuu 20, aliyeongoza alikuwa set, kwa maana zipatazo 430.

Utamu wenyewe, kwangu, uko kwenye asili ya neno. Run ya leo ni vitenzi viwili vya kale vilivyoungana. Kimoja kilikuwa kukimbia au kutiririka, kingine kufanya kitu kikimbie. Kiingereza cha kale kilikuwa na rinnan na ærnan, kisha lugha ya Waskandinavia waliohamia Uingereza ikachangia umbo tulilonalo. Kijerumani bado kinavitenga: rinnen kwa maji, rennen kwa miguu. Sisi wenye enda na endesha, kimbia na kimbiza, tunaielewa hali hii upesi. Kiingereza kimepoteza alama ya kutendesha, umbo moja likabaki linabeba yote. Tangu nilipolijua hilo, "run a company" hainisumbui. Na makamasi yale hayakuazima neno la wakimbiaji. Kutiririka kumo tangu zamani.

Maana zimepangwa kwa umri, ya kale mbele, kila moja na dondoo zake zenye mwaka. Kwa mtafiti ni hazina. Mwenye haraka atachoka kabla hajaifikia maana ya kompyuta, na anayeanza kujifunza atahudumiwa vizuri zaidi na kamusi ya wanafunzi. Usajili ni wa kulipia, ila maktaba nyingi huwalipia wanachama wao, kwa hiyo uliza kwanza.

Ukiifungua, soma asili kabla ya maana. Run out, run into na wenzake watafute sehemu yao ya mwishoni, usiwasake katikati ya zile mamia.