Darasa la Kiingereza cha utalii hapa Moshi, wanakufundisha kuielezea nchi na kazi yao wanaijua

Wadau wa utalii habari zenu. Watu wengi wananiuliza kuhusu lile darasa la jioni la Kiingereza hapa Moshi mjini, lile la magaidi (waongoza watalii), madereva na wagumu (wapagazi wa mlimani), je linafaa au ni kula hela za watu tu, basi leo naandika yote niliyoyaona ili mtu akiamua kwenda ajue anakutana na nini. Jina lao silitaji maana sijawaomba ruhusa na mbele huko nina mambo ya kuwalaumu, ila ukiuliza wagumu wa hapa mjini utaelekezwa tu.

Kwanza nianze na kilichonivuta. Kozi nyingi za Kiingereza huwa zinaanza na tensi, unakariri wakati uliopo, uliopita, ujao, unamaliza daftari zima, halafu unakutana na mgeni getini anakuuliza nchi yenu ikoje, unajibu "Tanzania is a good country, it has many animals" na hapo maneno yameisha, mgeni anatabasamu anageukia simu yake. Hawa wao wanaanzia hapohapo. Kozi nzima ni kuelezea nchi. Siku ya kwanza tu unasimamishwa unaambiwa tuelezee Tanzania, mwenzako anakaa kama mgeni ambaye hajawahi kufika, na kazi yako ni kumfanya atamani kuja na pia ajue akija afanye nini na asifanye nini. Ukikwama ndo somo linaanza, kwa sababu karibu kila mtu anakwama sehemu moja, kwenye vitenzi vya ing na vitenzi vya to. Vitabuni wanaita jerandi na infinitivu, ila madam wetu yeye alisema hayo majina kayasikieni mara moja muachane nayo, sisi tutaita "za ing" na "za to" basi.

Na sababu ya sisi kukwama aliieleza vizuri sana, sijawahi kusikia mtu akiieleza hivi. Kiswahili kina ku moja inafanya kazi zote. Kupanda mlima ni kazi, nataka kupanda mlima, nimemaliza kupanda mlima, naogopa kupanda mlima, asikwambie mtu, ni kupanda ileile. Mzungu yeye kaigawa. Kupanda kunakoanza sentensi anasema "climbing", ukitaka ni "want to climb", ukimaliza ni "finish climbing". Sasa sisi tunabeba "to" tunaipachika kila mahali, ndo unasikia mtu anasema "I enjoy to walk" au "Tanzania is worth to visit", mgeni anaelewa lakini anajua kabisa huyu Kiingereza kinampiga chenga, na kwenye kazi yetu mgeni akishaona hivyo anaanza kukuuliza maswali mafupimafupi tu, historia ya nchi hakuulizi tena.

Madam ana njia yake ya kukusaidia kubahatisha pale usipojua. Anasema kitenzi kikitazama mbele, jambo bado halijafanyika, mara nyingi ni "to": want, hope, plan, decide, expect, promise. Kikiongelea jambo lililopo au lililokwisha, mara nyingi ni ing: enjoy, finish, keep. Na anakwambia wazi kabisa kwamba kuna wakaidi, suggest, recommend, avoid na consider hao wanataka ing hata kama jambo liko mbele, kwahiyo hao ni wa kukariri tu. Na kila kihusishi kidogo kama for, of, about, kikitangulia kitenzi basi ni ing, "Zanzibar is famous for growing cloves", hapo hakuna mjadala.

Halafu mazoezi yake sasa. Anachukua jambo moja la kweli kuhusu nchi, anakutaka uliseme kwa njia mbili. Mfano Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku zisizopungua 5. Unasema "Climbing Kilimanjaro on the Marangu route takes at least five days" halafu unageuza "It takes at least five days to climb Kilimanjaro on the Marangu route". Mlima ni mita 5,895, kulala ni kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, hizo zote tunazijua usingizini lakini kuzipanga kwa Kiingereza kinachotiririka ni kitu kingine. Mji Mkongwe nao, uliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, wenzangu wanasema tarehe halafu wanakaa kimya, yeye anakusukuma uendelee, mtu akienda pale afanyeje? "It's easy to get lost in Stone Town, but getting lost is the best way to see it." Sentensi hiyo aliitengeneza dereva mmoja mtu mzima ambaye mwanzo alikuwa hataki hata kusimama, darasa zima likapiga makofi. Madam anamwita "baba", anamsahihisha kwa heshima, hamkatishi katikati ya sentensi, anamwacha amalize ndo anamuuliza "baba hapo kwenye avoid tunaweka nini?". Kwa watu wazima wanaoona aibu kurudi darasani hii kitu ni kubwa sana.

Ila somo ambalo mimi naona peke yake linalipa ada yote ni lile la "stop". Kuna kijana wa safari alitusimulia, alikuwa na wageni Tarangire, kundi la tembo liko karibu na barabara, akawaambia "OK, now we stop taking pictures". Wageni wakashusha kamera wote, wakakaa kimya, wakafikiri labda tembo wamekasirika au kuna sheria. Yeye alitaka kusema tusimame tupige picha! Ilitakiwa "we stop to take pictures". Tofauti ni kaneno kamoja tu, na maana imegeuka kabisa, ukisema "stop taking" unawakataza, ukisema "stop to take" unawakaribisha. Na remember iko hivyohivyo. "Remember to drink water" ni usisahau kunywa maji, hiyo unaisema mlimani asubuhi mpaka jioni, lakini "I remember drinking" ni nakumbuka kwamba nilikunywa. Hebu fikiria mgeni yuko kambi ya Barafu kule juu Kilimanjaro, kichwa kinamuuma, wewe unachanganya hizo mbili.

Nyingine ni "allow", hii nilikuwa sijawahi kufundishwa popote. "The park doesn't allow driving off the road", hapo hujamtaja mtu, ni ing. Lakini ukimtaja mtu inageuka, "The park doesn't allow us to drive off the road". Ukimweleza mgeni kwa nini humsogezi karibu na simba pale Serengeti, sentensi hiyo unaihitaji kila siku, na ukiisema vizuri mgeni anaelewa kwamba ni sheria ya hifadhi na wewe unaiheshimu, hawazi kwamba unamnyima. Na "get used to" pia, "you will get used to walking slowly", hapo to ipo na bado ing inafuata, wakati "I used to work as a porter" ni habari za zamani kabisa. Madam alikaa na hizo mbili jioni nzima mpaka kila mtu akatoa mfano wake na ukakubalika.

Baada ya Tanzania mnapewa nchi za wengine. Hapa watu wengine walinung'unika, kwamba sisi tunaongoza Tanzania, Rwanda inatuhusu nini. Mimi nakataa. Wageni wetu wengi wanaunganisha, wametokea Masai Mara au wakitoka hapa wanaenda kuona sokwe wa milimani, na wanakuuliza wewe, maana ndo uko nao siku nzima. Kwahiyo mtu anapangiwa Rwanda anajifunza kusema "Seeing the gorillas in Rwanda costs 1,500 dollars" na Uganda 800, kwamba kundi haliruhusiwi kuzidi watu 8, mnakaa nao saa 1, na "avoid carrying plastic bags" maana Rwanda walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, Kenya 2017 na sisi 2019. Mtu aliyepangiwa Kenya alielezea nyumbu wanavyovuka mto Mara, madam akamwongezea kwamba sehemu kubwa ya mwaka hao nyumbu wako kwetu Serengeti, na Februari wanazaa kule Ndutu, basi tukatunga "If you hope to see the calves, consider coming in February". Umeona hapo? hope na to, consider na ing, kwenye sentensi moja ambayo inaleta biashara msimu ambao wageni wengi hawaufikirii.

Sasa ya kulaumu. Kuna mwalimu wa pili anayeshika kipindi madam akiwa na udhuru, yeye anashikilia kwamba "I like to swim" ni kosa, lazima "I like swimming", na anakata maksi kabisa. Hilo si kweli. Like, love, hate, prefer, start, begin, continue, zote zinakubali kote kuwili na Waingereza na Wamarekani wanazitumia. Nilimwambia kwa adabu baada ya kipindi, akasema ndo mtaala ulivyo. Mtu ambaye anajitahidi kuongea ukimkatia maksi kwa kitu ambacho ni sahihi unamrudisha kwenye ukimya, na hilo linaniuma kwa sababu kuna wagumu pale wametoka mlimani na miguu imevimba wakaja moja kwa moja darasani.

Pia zile karatasi za mazoezi wanazotoa. Zimenakiliwa kwenye vitabu vya kule Uingereza, mtu wa Moshi anajaza nafasi kuhusu kuteleza kwenye barafu na treni za chini ya ardhi London. Kwa nini, na wakati madam anatunga sentensi nzuri za Ngorongoro na ziwa Tanganyika pale ubaoni bila hata kuangalia kitabu? Wazichape hizo. Ziwa lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, hilo tu ni zoezi zima.

Kusikiliza nako ni hafifu. Sauti wanazocheza ni za Kiingereza safi cha redioni, lakini wageni wetu ni Wajerumani, Wafaransa, Wachina, Wakorea, na wao pia Kiingereza wamejifunza ukubwani. Kwa hilo inabidi ujiongeze mwenyewe, BBC Learning English wana masomo ya bure ukiwa na bando, ila lafudhi za watu wa mataifa utazipata kazini tu.

Na muda. Aprili na Mei darasa linafurika, masika mlima hauna wageni kwahiyo kila mtu anakumbuka kusoma, mnabanana na kupata nafasi ya kusimama kuongea ni bahati. Anayeweza aende Novemba, mnakuwa wachache na madam anakusikiliza sentensi kwa sentensi. Ada wanapokea kwa wiki, ukipata safari katikati unawaambia wanakusimamishia, ukirudi unaendelea ulipoishia, hawakudai wiki ulizokuwa mlimani, na hapo nawapa maua yao kabisa. Mtu ambaye hajui Kiingereza hata kidogo atateseka, aanze kwanza lile darasa lao la mchana la wanaoanza. Ila kama unaongea cha kuungaunga na unataka kufanya mtihani wa leseni ya gaidi, nenda, na ukifika omba kabisa kukaa kundi la madam, wanakubali ukiomba mapema kabla majina hayajabandikwa.