Sarafu za Dhahabu za Enzi ya California: Ipi Inunuliwe Kwanza

Dhahabu iliyogunduliwa Coloma, California, tarehe 24 Januari 1848 ilikuwa nyingi kiasi kwamba mwaka uliofuata Bunge la Marekani liliidhinisha sarafu mbili mpya za madini hayo: ya dola 1 na ya dola 20. Hapa nimezipanga sarafu za enzi hiyo kwa kigezo kimoja, nacho ni jinsi mnunuzi anayeanza anavyoweza kuthibitisha mwenyewe kile anachouziwa.

Nafasi ya kwanza naipa dola 20 ya miaka ya 1850 hadi 1866. Ina uzito wa gramu 33.436, na sehemu 9 kati ya 10 ni dhahabu, kwa hiyo hata wakusanyaji wakipoteza hamu nayo, mwenye nayo anabaki na gramu 30 za dhahabu safi. Igeuze upande wa tai. Juu yake hapana maneno IN GOD WE TRUST, kwa kuwa yaliongezwa mwaka 1866. Chini pameandikwa TWENTY D.; na herufi S chini ya mkia inaonyesha kuwa ilitengenezwa San Francisco, katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1854. Ya 1857 yenye herufi S ndiyo ningemshauri mgeni aitafute. Meli ya SS Central America ilizama Septemba mwaka huo ikiwa imebeba dhahabu ya California, na baada ya mabaki yake kupatikana mwaka 1988, maelfu ya sarafu hizo yalitolewa baharini yakiwa karibu mapya, hivyo mng'ao wake peke yake usikutie shaka. Hata hivyo, nunua iliyofungwa katika kasha la PCGS au NGC, kampuni zinazothibitisha uhalali wa sarafu na kupima hali yake, na uihakiki namba ya kasha kwenye tovuti ya mtoaji kabla ya kulipa.

Mwenye mfuko mdogo achukue dola 1 ya 1849 hadi 1854, yenye kipenyo cha milimita 13 tu na uzito wa gramu 1.672. Nyingi zilitiwa vikuku na vidani, kwa hiyo izungushe ukingo wake polepole chini ya taa na lenzi: alama ya lehemu au sehemu iliyopigwa tupa humaanisha kwamba ilikuwa pambo, na bei yake lazima ishuke. Vivyo hivyo kwa iliyosuguliwa, ambayo huonyesha mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja unapoiinamisha.

Dola 5 na dola 10 za San Francisco zinafuata; zilichakaa sana katika biashara, na kupima uchakaa huo kunahitaji jicho lililozoea.

Sarafu zilizotengenezwa na kampuni binafsi, kama Moffat & Co. na Kellogg & Co., pamoja na ile ya dola 50 yenye pembe nane aliyoisimamia Augustus Humbert, mpimaji dhahabu wa serikali ya Marekani, mwaka 1851, zinanivutia kuliko zote, lakini ni ghali mno na hazifai kununuliwa bila mtaalamu. Hata enzi zile hazikuaminika zote: za Baldwin & Co. zilipopimwa mwaka 1851 zilionekana kuwa na dhahabu pungufu.

Za mwisho ni zile ndogo za robo na nusu dola za California, ambazo zimeigwa kupita kiasi. Halisi huwa imetajwa thamani yake kwa dola au senti. Yenye picha ya dubu, hata ikiwa imeandikwa 1852, iache mezani kwa muuzaji.