Fundi wa paa Shangani, Mtwara: amekagua akiwa chini

Niliwaita kwa paa linalovuja. Niseme mapema: bei yao si mbaya na simu wanapokea. Nilitaka kuwapa nyota tatu, ila tangu asubuhi nazipunguza.

Mkuu wao alifika, akaegemeza ngazi ukutani, akarudi nyuma hatua kumi, akakinga jua kwa kiganja. "Mzee, misumari imelegea tu. Tunapaka lami, kwisha kazi." Mguu wake haukugusa hata kipago cha kwanza. Nikamwambia bati hukaguliwa kuanzia darini. Akacheka mbele ya vijana wake: "Mzee, unajua bati kuliko mimi?"

Kwa hili, ndiyo, mwanangu. Unapanda darini saa sita mchana, jua likiwa utosini, unafunga mfuniko, unazima tochi, unasubiri macho yazoee giza. Matundu yanajionyesha yenyewe kama nyota. Yangu yalikuwa kumi na moja. Nyota zake yeye hazitafika. Kila tundu unaliwekea alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu, yaani ubao unaopigiliwa bati. Ndipo unatoka juu na viatu vya raba, unakanyaga kwenye mistari ya misumari tu, kwa sababu chini yake kuna papi. Ukikanyaga katikati, bati jembamba la geji 30 linabonyea na maungio yanaachana.

Sasa hiyo lami. Bati linatanuka mchana na kusinyaa usiku, papi zilizopigwa mbichi zinakauka, msumari unachomoka milimita mbili tatu, na raba yake inakauka mpaka inapasuka. Lami ya kichwani mwa msumari inatibu lipi hapo? Jua litaipasua nayo, na ule ufa utakuwa unatunza maji na chumvi palepale kwenye chuma. Tuko pwani hapa: kusi inavuma miezi na miezi, mvua hakuna, chumvi inaganda juu ya bati na hakuna cha kuiosha. Ndiyo maana sehemu za chini ya upenu, ambazo hata masika haizioshi, huliwa na kutu mapema.

Msumari uliolegea unang'olewa, na nyundo inawekewa kipande cha ubao chini yake bati lisibonyee. Tundu lilelile linapigwa skrubu ya bati iliyo nene kuliko msumari, yenye washa na raba mpya. Iwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde maji yanakopita. Unakaza mpaka raba ianze kutokeza pembeni ya washa, basi; ukizidisha unaikata. Papi ikiwa imeoza, skrubu haina pa kushika, badili papi.

Haki yao niwape. Kijana mmoja, msaidizi, upande wa jikoni alifanya hivyohivyo bila kuambiwa na mtu. Alipiga skrubu mpya kama arobaini, na vipande vya kofia, bati la kufunika kilele cha paa, akavilaza sentimita 15 kimoja juu ya kingine. Mvua ya juzi imepiga, jikoni pakavu. Nikarudisha nyota mbili.

Halafu nikapanda kuangalia upande wa sebuleni. Wale wengine, kwa amri za mkuu kutoka chini, walikuwa wamekata bati kwa grenda juu ya paa! Mkasi wa bati walikuwa nao. Cheche za grenda ni chembe za chuma cha moto: zinang'ang'ania kwenye rangi, zinapata umande wa bahari, na siku chache tu bati jipya lina vitone vya kutu kama limeugua surua. Brashi laini siku ileile ingetosha kuzifagia. Ukingo uliokatwa ndio mbaya zaidi, maana moto umeunguza zinki na kutu imeshaanza kutambaa kuingia ndani.

Nyota moja, na hiyo ni ya kijana. Hela iliyobaki sijatoa. Ngazi yao bado imeegemea ukuta wangu wa nyuma. Mkuu akiifuata, apande kwanza.